Kabati la Vikombe na Waraka Namba Nane

Haya niliyaona mwenyewe nikiwa nimebeba birika, na aliyebeba birika la moto hana nafasi ya kutunga. Nchi yenyewe ina jina, tena zuri, lakini kulitaja kwenye maandishi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa tangu mwaka juzi. Mlangoni pamebandikwa karatasi: "Tuko mafunzoni." Basi wewe unayesoma, ukidhani unaijua, kaa nayo moyoni.

Mimi ni mhudumu wa chai katika Wizara ya Maji na Mambo Yaliyolowana. Jina langu Mwanakombo, ofisini wananiita Bi Kombo. Nimewapelekea chai mawaziri tisa, na wote walipenda sukari. Elimu yangu ni darasa la saba. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilielewa zaidi ya nilichokiona.

Juu ya mji wetu kuna tangi, pembeni ya tangi kuna nyumba ya mashine, na ndani ya nyumba ya mashine kuna Bwana Shebe. Miaka thelathini na moja yeye ndiye anayetia dawa kwenye maji kabla hayajateremka mjini. Dawa ikizidi, watoto wanatoka vipele. Ikipungua, watu wanaharisha na kufa. Likizo amekwenda mara moja tu, miaka kumi na moja iliyopita, na hakuiomba. Ilionekana kwamba hajawahi kwenda, na jambo hilo lilikuwa linaharibu sura ya faili lake, basi akalazimishwa. Aliyeshika nafasi yake kwa wiki tatu alikuwa Bwana Mahimbo, ambaye hakuwahi kuliona tangi lakini alikuwa na cheti.

Katika wiki hizo tatu tulizika watu mia moja na sita. Mume wangu alikuwa wa tisini na mbili, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilikaa eda yangu, miezi minne na siku kumi, nikarudi kazini, nikamkuta Bwana Mahimbo amepandishwa cheo. Niliambiwa kwamba sasa ana uzoefu wa majanga, na watu wa namna hiyo ni wachache.

Tangu hapo mimi sinywi maji bila kuyanusa.

*

Mwaka huu Bwana Shebe ametimiza umri wa kustaafu. Siku yake ya mwisho ilipangwa Alhamisi, mwisho wa mwezi. Msaidizi wake ni Tunu, binti mtulivu ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akifagia nyumba ya mashine na kupaka grisi. Ingekuwa zamani, Bwana Shebe angemwambia, "Tunu, njoo uone," na mambo yangeishia hapo.

Lakini ukatoka Waraka Namba Nane. Niliusoma wote, kwa sababu nilipewa nakala sabini nizipange, na mikono ikipanga macho hayana kazi. Ulisema hivi: Mafunzo yote ya watumishi yatatolewa kwa Mfumo wa Kusimamia Mafunzo. Mafunzo ya nje ya mfumo si mafunzo, ni maongezi, na maongezi wakati wa kazi ni kosa.

Mfumo wenyewe ulikuwa haujapatikana. Kwa hiyo, tangu siku ya waraka, hakuna mtu aliyeruhusiwa kumfundisha mwenzake kitu chochote katika ardhi ya serikali. Dereva mpya wa Wizara alikaa miezi mitano ndani ya gari akisubiri kuonyeshwa lilipo tangi la mafuta. Huko kwenye nyumba ya mashine mambo yalikuwa mazito zaidi, maana Tunu ana macho, na mtu mwenye macho anaweza kujifunza kwa bahati mbaya. Serikali ikapeleka pazia la maua na askari mmoja wa kulilinda, Koplo Njiku.

Siku moja niliwapelekea chapati, nikayasikia kwa masikio yangu.

"Tunu, geuka," alisema Bwana Shebe nyuma ya pazia.

"Nimegeuka."

"Umegeuka kweli?"

"Amegeuka, mzee," akasema Koplo Njiku. "Na mimi nimegeuka. Wewe tia tu."

Kifungu cha tatu cha waraka ndicho kilichoninyima usingizi. Kilisema: ikiwa siku ya mtu kustaafu hakuna mrithi aliyehitimu kwa mfumo, kituo kitachukuliwa na mtumishi mwenye cheti cha zamani cha kituo hicho. Nikahesabu wenye cheti cha tangi. Alikuwa mmoja tu. Ndiye huyo huyo aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuchagua Mfumo.

*

Kamati ilikuwa na wajumbe saba. Bwana Mahimbo aliifungua kwa hotuba.

"Ndugu wajumbe, dunia imebadilika. Mafunzo siku hizi hayakai kichwani mwa mtu, kwa sababu kichwa kinaweza kustaafu. Mafunzo yanakaa kwenye mfumo. Je, mfumo ni nini?"

Wajumbe waliangalia chai. Mjumbe mmoja akauliza kama hilo ni swali au ni hotuba.

"Ni hotuba," alijibu Bwana Mahimbo, na wote wakapumua.

Ikahitajika fomu ya vigezo. Fomu mpya haiwezi kuandikwa mpaka ipitishwe na Kamati ya Fomu, na Kamati ya Fomu haiwezi kukaa kwa sababu fomu ya kuiitisha haijapitishwa. Wakachukua fomu iliyokuwepo, ambayo wizara ya jirani iliitumia kununulia madawati ya shule. Karani akafuta neno dawati kila lilipo, akaweka mfumo. Alipomaliza akaisoma kwa sauti:

"Mfumo uwe wa mbao za mninga zilizokauka vizuri. Uwe na miguu minne isiyocheza. Upakwe vanishi mara mbili. Usiwe na msumari uliochomoza. Ubebe mtu mzima wa kilo tisini bila kulia. Mtu wa kwanza kuufungua wote, kuukagua na kutia sahihi, ndiye mhitimu halali. Kituo kimoja, mhitimu mmoja."

"Kuna mwenye swali?" aliuliza Bwana Mahimbo.

Hakukuwa na mwenye swali. Mimi nilikuwa nalo, lakini mwenye birika hana kura.

*

Mwombaji wa kwanza alitoka mbali, amevaa tai, amebeba kompyuta mpakato. Akaiwasha, akaonyesha. Ukibonyeza hapa, somo linatokea na picha. Ukimaliza unaulizwa maswali. Ukikosea unarudishwa. Mkuu wako anaona nani amesoma na nani amelala. Mimi, Mungu ni shahidi, nililielewa somo zima la kuosha mikono nikiwa nimesimama mlangoni.

"Miguu iko wapi?" aliuliza Bwana Mahimbo.

"Miguu, Mwenyekiti?"

"Minne. Isiyocheza."

"Huu hauna miguu. Unafanya kazi popote, hata kwenye simu."

"Hata mtumishi akiwa kwa shemeji yake?"

"Hata akiwa kwa shemeji yake."

"Basi huo ni mfumo usio na makazi," Bwana Mahimbo aliwaambia wajumbe. "Ukipotea tutautafuta kwa nani?"

Hata hivyo haki lazima itendeke, kwa hiyo wakaendelea na kigezo cha uzito. Mjumbe mmoja mwenye kilo tisini na nne alivua koti, akakaa juu ya kompyuta. Ililia mara moja, kisha ikanyamaza kabisa. Karani akaandika: Umelia.

Wa pili alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Mfumo wake ulikuwa na ukali. Mtu hawezi kupewa cheti mpaka ayamalize masomo yote yeye mwenyewe.

"Hata Mkurugenzi?" aliuliza mjumbe.

"Hata Waziri."

Wajumbe walitazamana kama watu waliosikia tusi msikitini. "Dada yangu," alisema Bwana Mahimbo kwa upole, "kiongozi hafundishwi. Kiongozi hukumbushwa." Akamshukuru kwa kufika, na akamwomba aende na kompyuta yake kabla haijakaliwa.

Ukafika mwezi wa mwisho wa Bwana Shebe, na mfumo hakuna.

*

Sasa niseme habari ya kabati langu. Vikombe vya Wizara vilikuwa vikikaa kwenye beseni, na nilikuwa nimeomba kabati kwa miaka minne. Hatimaye maombi yakapita, akapewa kazi Fundi Makame, mtu wa mkono mzito na maneno machache, anayeunga mbao kwa vigingi na hatumii msumari hata mmoja. Alitengeneza kabati la mninga la droo kumi na mbili, vikombe sita kila droo. Likaja siku ya kikao, saa saba mchana. Jiko langu la chai halina njia nyingine ila kupita katikati ya chumba cha kamati.

Mimi nilikuwa nimekwenda kuswali adhuhuri. Rakaa nne na dua yake, si muda mrefu. Niliporudi nilimkuta Fundi Makame amesimama katikati ya chumba, wajumbe wamelizunguka kabati, na yule wa kilo tisini na nne amekaa juu yake, miguu inaning'inia.

"Halilii," alisema.

"Miguu minne," akasoma karani. "Mninga. Vanishi mara mbili."

"Fundi, mfumo huu una moduli ngapi?" aliuliza Bwana Mahimbo.

Fundi Makame aliniangalia mimi. Mimi nikaangalia sakafu.

"Droo ni kumi na mbili," alisema.

"Kumi na mbili! Na mtumishi anaingiaje?"

"Kuna ufunguo."

"Una ulinzi!" wakasema wajumbe.

"Nani anatunza ufunguo?"

"Bi Kombo," alisema Fundi Makame. "Kabati ni la vikombe vya Bi Kombo."

Karani akaandika: Msimamizi wa Mfumo, Bi Kombo. Neno vikombe hakuliandika, kwa sababu halikuwemo kwenye fomu. Kura zikapigwa, saba kwa saba. Vikombe vyangu vikabaki kwenye beseni.

*

Sasa utadhani shida imekwisha. Mfumo hautumiki mpaka uzinduliwe na Waziri, na Waziri alikuwa na nafasi Alhamisi ile ile, saa nne asubuhi, siku ya mwisho ya Bwana Shebe. Kabla ya hapo lilifungwa utepe wa kijani kutoka droo ya kwanza hadi ya kumi na mbili, fundo mbele, lakiri ya Wizara juu ya fundo. Atakayeugusa utepe, jela. Kisha kamati ikasafiri nchi za nje kujifunza matumizi ya droo.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Jioni ile nilikaa kwenye mswala wangu baada ya magharibi, nikamwomba Mola njia. Sikuoteshwa ndoto. Kilichonijia ni kwamba kabati lina mgongo.

Asubuhi nilimwita Fundi Makame. Aligonga vigingi sita, ubao wa nyuma ukatoka kama kifuniko cha sufuria, na droo zote kumi na mbili zikawa wazi kwa nyuma. Utepe mbele haukutikisika.

Bwana Shebe, nilipomtumia habari, alikuja saa nane, akaleta vitu vyake kwenye mfuko wa sukari. Hakumwona Tunu, maana kuonana kwao kulikuwa hatari. Alipanga, akaondoka. Saa tisa akaja Tunu, na nyuma yake Koplo Njiku na bunduki yake.

"Mama," aliniambia Koplo, "hapa mnafanya nini?"

"Binti anapanga kabati."

Akalitazama kabati mbele, akalitazama nyuma. Akatoa waraka mfukoni, akausoma midomo ikicheza. "Mimi nimetumwa nizuie watu kufundishana," alisema mwishowe. "Kabati sijaambiwa." Akavuta kigoda akakaa karibu, alinde vizuri.

Droo ya kwanza ilikuwa na chupa mbili za dawa, nzima na iliyochacha. Tunu alizinusa mpaka machozi yakamtoka. Ya pili ilikuwa na upawa wa Bwana Shebe, wenye alama mbili za kisu, ya juu ya masika na ya chini ya kiangazi. Ya tatu ilikuwa na maji ya mto yenye rangi ya chai ya maziwa, na karatasi: "Yakiwa hivi, funga mlango wa mto kwanza. Usishindane nayo." Ya nne ilikuwa na karatasi tu, yenye maneno: "Mvua ya mlimani haionekani mjini. Usidanganywe na jua la mjini."

Tunu aliacha maswali ndani ya droo, na kesho yake yalikuwa na majibu. Siku ya nne Koplo Njiku alinong'ona, "Muulize, upawa ukivunjika?" Tunu akaandika. Jibu likaja: "Nani huyo anauliza? Mwambie viganja viwili vya mtu mzima, visivyojaa. Na aache kuegemeza bunduki kwenye tangi langu."

Droo ya kumi na mbili ilikuwa na karatasi moja tu. Tunu aliisoma, akanipa. "Ukishatia, subiri nusu saa. Kisha chota, unywe wewe wa kwanza. Ukiogopa kunywa, usiyateremshe."

Nilikumbuka nyumba yangu miaka kumi na moja iliyopita, nikamrudishia.

"Unaogopa, mwanangu?"

"Kunywa siogopi, Bi Kombo. Naogopa Alhamisi. Nimejua, lakini sina cheti. Nani ataniamini?"

Nilikwenda nikausoma waraka tena, wote, mpaka mwisho, mpaka kile kifungu cha nane ambacho hakuna anayekifikia. Kisha nikalala vizuri.

*

Alhamisi palikuwa na viti vya vitambaa, vipaza sauti na ngoma ya akina mama wa Wizara. Waziri, Mheshimiwa Gombelo, alihutubia kwa saa moja na nusu.

"Mataifa mengine yana mifumo isiyoonekana. Sisi tumekataa! Mfumo wa wananchi uguswe na wananchi. Huu hautaki umeme. Huu hauingiliwi na wahuni wa mitandao. Anayetaka kuuiba, aje na watu wanne wa kubeba!"

Makofi yalipigwa. Utepe ukakatwa. Bwana Mahimbo, ambaye alikuwa amerudi kutoka safari akiwa na shajara mpya ya ngozi, alininyooshea mkono huku akitabasamu kwa ajili ya picha.

"Bi Kombo, lete ufunguo. Nimfungulie Mheshimiwa."

Nililiona daftari la sahihi liko wazi mezani, na kalamu yake tayari iko mkononi. Mtu wa kwanza kuufungua wote na kutia sahihi. Nilimpita kama watu wanavyompita mwenye birika, nikapiga goti, nikampa ufunguo Mheshimiwa.

"Jambo kubwa hivi," nilisema, "lifunguliwe na mkubwa."

Mheshimiwa alipenda maneno hayo. Alifungua droo ya kwanza, tupu, makofi. Ya pili, tupu, makofi. Tunu alikuwa ameshaondoa kila kitu isipokuwa kile cha mwisho. Kwenye droo ya kumi na mbili Mheshimiwa alikuta karatasi ya Bwana Shebe. Akaisoma kimya. Mbele yake kwenye meza kulikuwa na maji ya chupa. Akairudisha karatasi taratibu, akaifunga droo, akatia sahihi.

Karani akasoma kwa kipaza sauti: "Kituo cha Tangi. Mhitimu halali, Mheshimiwa Waziri Gombelo."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko yote. Nilingoja yaishe.

"Hongera, Mheshimiwa," nilisema. "Kesho saa kumi na moja alfajiri gari likufuate wapi, ukatie dawa?"

Ngoma ilinyamaza. Mheshimiwa aliangalia mlima, kule juu lilipo tangi.

"Mheshimiwa, mimi nitakukaimia," alidakia Bwana Mahimbo. "Nina cheti na nina uzoefu."

Nilisema kimoyomoyo, Ya Rabbi, usiniache sasa. Kwa sauti nikasema, "Kifungu cha nane. Mwenye cheti haruhusiwi kukaimu. Ni kukidhalilisha cheti."

Karani akafunua, akasoma, akatikisa kichwa kukubali. Kukaimu katika nchi yetu hakutaki cheti, na ndiyo maana tuna makaimu wengi kuliko wenye vyeo.

"Basi nani hapa hana cheti?" aliuliza Mheshimiwa.

Ukumbi mzima uliona aibu kwa swali hilo. Mikono ikainuka mitatu: wangu, wa Tunu, na wa Koplo Njiku. Mimi nikashusha wangu. Koplo akatazama wa Tunu, akautazama wake, akashusha.

"Wewe," alisema Mheshimiwa. "Utakuwa kaimu wangu. Usijali kwamba hujui chochote."

"Sijali, Mheshimiwa," alisema Tunu.

Bwana Shebe, kwenye viti vya nyuma, alikuwa akifuta miwani, na aliendelea kuifuta kwa muda mrefu.

*

Imepita miezi saba. Kila alfajiri Tunu anatia sahihi kwenye daftari la tangi: kwa niaba ya Waziri. Mwezi uliopita Mheshimiwa alitunukiwa nishani ya utiaji bora wa dawa, kwa kutozika mtu hata mmoja, na akaeleza redioni kwamba siri yake ni kujituma. Bwana Mahimbo anaongoza kamati mpya ya kutafuta kabati la pili, maana la kwanza limeonekana lina harufu ya dawa. Pazia la maua Koplo Njiku aliomba ampelekee mkewe, akakubaliwa. Vikombe vyangu viko kwenye beseni.

Mimi nikiamka kwa swala ya alfajiri, nafungua bomba, nakinga viganja, nanusa. Sijaacha, na sidhani nitaacha. Kisha nasema Bismillahi, natia udhu, na nikisukutua najua kwamba kule juu kuna mtu ameshayanywa kabla yangu.